Boksi la sabufa: besi ya gari huanzia kwa seremala

Spika ya sabufa iliyounganishwa na amplifaya bila boksi haitoi besi. Koni yake itaonekana ikienda mbele na kurudi nyuma kwa nguvu, lakini sikio halipati kitu cha maana. Koni inaposukuma hewa kwa upande wa mbele, upande wake wa nyuma huvuta hewa kwa kiasi kilekile, na mawimbi hayo mawili hukutana ukingoni mwa spika yakafutana. Sauti za juu haziumii sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Ya besi ni marefu mno. Katika joto la nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 40, ambalo liko jirani na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, lina urefu wa zaidi ya mita nane na nusu. Wimbi la namna hiyo huizunguka spika ya inchi 12 kana kwamba haipo. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuutenga mgongo wa koni na uso wake. Kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuipa koni hewa ya kutosha kufanya kazi, isiyozidi wala kupungua.

Tuchukue mfano wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, iliyo jirani na mpaka wa Malawi wa Isongole. Barabara ya lami ya kilometa zipatazo 50 kutoka Mpemba hadi Isongole huufungua ukanda huo kwenye barabara kuu ya TANZAM na soko la Tunduma. Spika, amplifaya na nyaya huingia Ileje zikiwa zimekwishatengenezwa viwandani, mbali sana, na hakuna fundi wa huko anayeweza kuzibadilisha tabia. Boksi ni jambo jingine. Ndilo kipande pekee cha mfumo mzima ambacho seremala mwenye rula, penseli na msumeno mzuri anaweza kukitengeneza mwenyewe kikawa bora kuliko kile cha dukani, kwa sababu la dukani limetengenezwa bila kujua ni spika gani itaingia humo. Kuongeza wati kwenye boksi baya ni kupoteza fedha. Spika ya bei ya kati iliyokaa kwenye boksi lililopimwa huishinda ya bei kubwa iliyochomekwa kwenye boksi la kubahatisha.

Wala umuhimu wa boksi si jambo geni kwa watu wa pande hizo. Ng'ambo ya mpaka, Malawi, wanamuziki hupiga babatoni, gitaa refu la waya mmoja ambalo besi yake hutoka kwenye sanduku kubwa la chini lililowambwa ngozi. Waya ukiondolewa kwenye sanduku lake hausikiki mita chache mbele. Kanuni iliyo ndani ya sanduku hilo ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye buti la gari.

Maarifa ya kuipima kanuni hiyo yalikusanywa polepole katika karne ya 20. Spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925. Mwaka 1932 Albert Thuras wa maabara za Bell alipata hataza ya boksi lenye tundu. Mwaka 1954 Edgar Villchur alionyesha kwamba boksi dogo lililozibwa kabisa linaweza kutoa besi ya kina, kwa kuitumia hewa ya ndani kama springi. Yote hayo bado yalihitaji majaribio mengi ya kukata na kutupa mbao. Aliyeyageuza kuwa hesabu ni Neville Thiele wa Australia, katika andiko lake la mwaka 1961, kisha Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akayakamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Karatasi inayokuja na spika mpya leo ina vipimo vinavyoitwa kwa majina ya wawili hao, na karatasi hiyo ndiyo inayotupwa kwanza pamoja na kasha. Ni kosa kubwa. Bila karatasi hiyo seremala anafanya kazi gizani.

Vipimo vitatu vinatosha kuanza navyo kazi. Fs ni masafa ambayo koni hupenda kucheza yenyewe ikiwa hewani. Qts hueleza jinsi sumaku na utandu wa spika vinavyoidhibiti koni isiendelee kuyumba baada ya mdundo kwisha. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ulaini wa utandu wa spika hiyo. Kwa mitumba isiyo na karatasi, Fs inaweza kupatikana kwa simu yenye programu ya kutoa masafa, amplifaya ndogo, rezista ya omu kadhaa iliyowekwa kwenye njia ya waya, na mita ya kupimia umeme: masafa ambayo volti kwenye spika hupanda kuliko kwingine kote ndiyo Fs.

Boksi lililozibwa

Boksi la kuziba ndilo rahisi, na ndilo linalosamehe makosa. Hewa iliyofungiwa ndani huirudisha koni kama hewa ya pampu ya baiskeli iliyozibwa kwa kidole: kadiri inavyosukumwa ndivyo inavyokataa. Kwa hiyo mdundo huwa mkavu, unaanza na kuisha kwa wakati wake, jambo linalofaa sana kwa rumba, kwa injili yenye gitaa la besi na kwa singeli, ambayo midundo yake inafuatana kwa kasi kiasi kwamba besi ya kuburuta huifanya uji.

Lengo la kawaida ni kupata udhibiti wa jumla wa 0.707, thamani ambayo besi hushuka taratibu bila kuvimba popote. Hesabu yake ni fupi. Namba 0.707 hugawanywa kwa Qts, jibu huzidishwa kwa lenyewe, hutolewa moja, kisha Vas hugawanywa kwa kinachobaki. Tuseme spika ya inchi 12 ina Fs ya hezi 30, Qts ya 0.45 na Vas ya lita 50. Jibu ni lita 34, na spika hiyo itakuwa na kilele chake cha mtikiso kwenye hezi 47 hivi.

Lita hizo 34 ni za hewa tupu. Spika yenyewe, pamoja na sumaku yake, hula nafasi ya lita 3 hivi, na kipande cha mbao cha kuimarisha hula lita moja. Ujazo wa kujengwa ni basi lita 38. Kwa kuwa sentimita 1,000 za ujazo ni lita moja, boksi lenye upana wa sentimita 40, kimo cha 38 na kina cha 25 kwa vipimo vya ndani linafika hapo bila desimali. Mbao ya milimita 18 huongeza sentimita 3.6 kila upande wa hesabu, na vipimo vya nje vinakuwa 43.6 kwa 41.6 kwa 28.6. Mkanganyiko wa nje na ndani ndio unaoharibu maboksi mengi kuliko kitu kingine chochote: fundi hukokotoa ujazo kwa vipimo vya nje, na lita kadhaa zinapotea ndani ya unene wa mbao.

Boksi likitoka dogo kidogo kuliko ilivyokusudiwa, pamba ya mito inaweza kuliokoa. Nyuzi zake, zikijazwa bila kushindiliwa, huifanya koni ihisi boksi kubwa zaidi. Kinyume chake, boksi lililozidi hupunguzwa kwa kubandika vipande vya mbao ndani.

Boksi lenye tundu

Wengi wanaotaka besi ya kutetemesha viti hutaka tundu, na wana sababu. Katika boksi hili hewa iliyo ndani ya bomba hucheza kwa masafa yaliyochaguliwa na mjenzi, na mgongo wa koni, ambao kwenye boksi la kuziba nguvu yake hupotea, hutumiwa kuongeza sauti. Karibu na masafa hayo koni yenyewe hutulia na bomba ndilo linalofanya kazi. Amapiano, ambayo besi yake ni ndefu na ya chini, hupata haki yake hapa kuliko kwenye boksi la kuziba.

Gharama yake ni ukubwa na usahihi. Kwa spika ileile ya inchi 12, lita 56 za hewa tupu na masafa ya hezi 35 ni chaguo la wastani. Bomba jeusi au la kijivu la maji taka la inchi nne, linalopatikana kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, linafaa. Kipenyo chake cha ndani hukaribia sentimita 10, lakini lazima kipimwe kwa rula kwa sababu mabomba hutofautiana unene. Urefu wake hupatikana hivi: 23,562.5 huzidishwa kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe. Jibu hugawanywa kwa ujazo wa boksi katika lita na kwa masafa yaliyozidishwa yenyewe. Mwishoni hutolewa 0.732 ya kipenyo. Kwa bomba la sentimita 10 jibu ni sentimita 27. Bomba hilohilo likikatwa hadi sentimita 19 masafa yanapanda hadi hezi 40, na likirefushwa hadi 39 yanashuka hadi hezi 30. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukata bomba refu kwanza, akasikiliza, kisha akapunguza. Lililokwisha kukatwa fupi halirudi.

Kwenye lita 56 huongezwa lita 3 za spika, lita 2.4 za bomba na 1.6 za mihimili ya ndani, jumla lita 63: upana wa ndani sentimita 60, kimo 35, kina 30. Hapa kuna mtego. Bomba la sentimita 27 likichomekwa kwenye ubao wa mbele, mdomo wake wa ndani utabakisha chini ya sentimita 5 kabla ya ukuta wa nyuma, na hewa itakosa njia. Mdomo huo unahitaji nafasi isiyopungua kipenyo kimoja cha bomba. Suluhisho ni kulitoa bomba ubavuni, likalala kufuata upana wa sentimita 60, na spika ikasogezwa upande wa pili wa ubao wa mbele. Kingo za mdomo zikilainishwa kwa msasa mpaka ziwe za mviringo, sauti ya upepo hupungua. Kwa nguvu inayozidi wati 300 hivi bomba moja la inchi nne huanza kupiga miluzi, lakini mabomba mawili ya kipenyo hicho yangehitaji zaidi ya sentimita 61 kila moja kwa masafa yaleyale. Hapo ndipo mafundi huacha bomba na kujenga tundu la mstatili kwa mbao, linalopinda kwa kufuata ukuta wa nyuma wa boksi.

Mwinuko wa Nyanda za Juu huleta swali ambalo vitabu vya mafundi wa pwani havina haja ya kulijibu. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 17 kuliko ufukweni, na springi ya hewa ndani ya boksi hulegea kwa kiasi hicho. Kwa boksi la mfano la lita 34, kilele kinashuka kutoka hezi 47 hadi 45, na udhibiti kutoka 0.707 hadi 0.67. Sikio halitagundua. Masafa ya bomba hayaguswi kabisa, kwa sababu yanategemea mwendo wa sauti, nao hufuata joto wala si mgandamizo. Kwa hiyo hesabu za Dar es Salaam zinafaa Itumba bila marekebisho. Kinachotofautiana ni mvua, ambayo Ileje huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na hiyo inagusa mbao moja kwa moja.

Mbao na mkono wa fundi

Ubao wa MDF wa milimita 18 ndio unaosifiwa na wengi, na sifa hiyo ni ya haki: ni mzito, hauna vifundo, hukatwa ukaacha ukingo ulionyooka, na hauimbi wenyewe. Adui yake ni maji. Ukingo wake ukilowa huvimba na haurudi, kwa hiyo gari linalovuja mlango wa nyuma ni kaburi lake, isipokuwa kingo zote zimepakwa rangi ya mafuta au gundi iliyochanganywa na maji kidogo. Plaiwudi ya milimita 18, hasa ile ya marini inayotumiwa na wajenzi kumwagia zege, ni nyepesi zaidi, huvumilia unyevu na hushika skrubu kwa nguvu. Kwa barabara za vumbi na mashimo zinazotoka Itumba kwenda vijijini, plaiwudi nzuri ni chaguo la busara kuliko MDF. Mbao za paini zilizopasuliwa, hata zile nzuri za Sao Hill, hazifai: hujikunja zikikauka, maungio yakaachana, na boksi likaanza kupumua.

Karatasi moja ya ubao ya futi 8 kwa 4 inatosha boksi la lita 63 na kubakiza. Vipande vinavyolingana vikatwe kwa mpangilio mmoja wa msumeno, ili tofauti ya milimita moja isizae pengo la ukuta mzima. Gundi nyeupe ya mbao ipakwe ukingo wote. Skrubu za sentimita 5 kila sentimita 12 hadi 15 hushikilia tu wakati gundi inakauka, na tundu la milimita 3 litangulie ili MDF isipasuke. Gundi ndiyo inayolibeba boksi. Ukuta wowote unaozidi sentimita 40 bila mshikizo uunganishwe na ukuta unaoutazama kwa mhimili, kwani ubao unaotikisika hula nguvu ambayo ingekuwa besi. Ubao wa mbele, unaobeba spika, ukiwekwa mara mbili ni bora zaidi. Tundu la spika ya inchi 12 huwa na kipenyo cha sentimita 28 hivi, lakini hufuatwa karatasi ya spika yenyewe.

Maungio yote ya ndani huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao au kwa silikoni. Silikoni inayonuka siki iachwe ikauke siku nzima kabla ya spika kufungwa, kwa sababu mvuke wake unaweza kulegeza gundi za spika. Spika hukaa juu ya utepe wa sponji na kufungwa kwa bolti na nati zenye meno, si skrubu tupu. Mtikiso wa safari za Ileje huilegeza skrubu mapema. Boksi la kuziba hupimwa kwa kuisukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikirudi polepole halivuji, ikirudi papo hapo lina tundu mahali. Kiganja kilicholowa maji kikipitishwa kwenye maungio wakati masafa ya hezi 30 yanapigwa, upepo wa uvujaji huhisiwa bila shida.

Gari lenyewe ni boksi la pili. Chini ya masafa ambayo nusu ya wimbi hulingana na urefu wa ndani ya gari, besi huongezeka yenyewe. Kwa urefu wa mita 2.5 hali hiyo huanza karibu na hezi 69. Ndiyo maana boksi la kuziba linaloonekana dhaifu karakanani hupata uzito likiwekwa kwenye Probox au IST. Kwenye gari lenye buti lililotengwa, spika ikitazama nyuma kwa kawaida hutoa zaidi kuliko ikitazama kiti. Bajaji haina msaada huo, maana haina kuta. Boksi lake hufaa kuwa la spika ya inchi 8 au 10 lenye tundu, na masafa ya hezi 45 hadi 50, kwani kufukuzia besi ya chini kabisa kwenye chombo kilicho wazi ni kuchosha betri bure. Katika Noah, ambamo boksi hukaa nyuma ya abiria, kufunga kwa mikanda au bolti si hiari: MDF ya boksi la lita 63 pekee ina uzito wa kilo 14 hivi, na pamoja na spika mzigo hupita kilo 20. Breki ya ghafla hulirusha lote vichwani mwa watu.

Umeme ukikosewa, kazi ya seremala hupotea. Amplifaya ya wati 500 ya aina ya D, yenye ufanisi wa asilimia 80, hutaka ampia 45 hivi. Ya aina ya zamani ya AB hukaribia 66. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi 25 unahitajika, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa kuwa inalinda waya usiwashe gari. Nyaya za alumini zilizopakwa shaba ni nyepesi na za bei ndogo, lakini hubeba umeme mdogo kuliko unene wake unavyodai. Malori yanayopanga foleni Tunduma hutumia volti 24. Kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili huziua zote mbili kwa kuchajiwa bila ulinganifu. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti.

Marekebisho ya mwisho ni machache. Kichujio cha kukata sauti za juu kiwekwe kwenye hezi 80, ili sauti za watu zisitoke kwenye buti. Kwa boksi lenye tundu, kichujio cha kukata masafa ya chini kiwekwe kidogo chini ya masafa ya bomba, yaani hezi 30 kwa boksi la hezi 35, kwa sababu chini ya hapo hewa haiishiki koni tena na koili huweza kugonga. Kitufe cha kuongeza besi kibaki sifuri. Kisha nyaya mbili za sabufa hubadilishwa nafasi mara moja huku mtu akiwa kwenye kiti cha dereva. Upande unaotoa besi nzito zaidi ndio unaokubaliana na spika za milangoni.

Kiasi cha sauti kina mipaka ya mwili na ya sheria. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na muda huo hupungua kwa nusu kila zikiongezeka desibeli tatu; kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15, ambazo ni pungufu ya safari ya Mpemba hadi Itumba. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo chini ya sheria ya mazingira. Kwa dereva wa abiria anayekaa na sabufa hiyo kutwa nzima, boksi lililopimwa lina faida ya wazi: besi yake husikika kamili hata sauti ikiwa ya wastani, na haihitaji kupandishwa ili ijulikane kwamba ipo.